KUHIFADHI DAFTARI ZA CHAMA: Nakala za Akiba na Namna ya Kurudi Kazini Baada ya Maafa

Ndugu Wanachama,

Wengi wenu mmeuliza kwa nini Kamati imetia katika mambo ya mkutano mkuu ujao shauri la kununua diski mbili, na kulipia nafasi ya kuwekea hesabu zetu katika kompyuta za mbali, na hali kompyuta ya ofisi ni nzima na kazi inakwenda. Swali hili ni la haki, kwani fedha za chama ni fedha zenu, tena zimetoka katika jasho la kuchuma na kuanika. Basi hapa tutajaribu kulijibu kwa urefu, ili kila mwanachama aje mkutanoni akiwa amekwisha kulifikiri jambo lenyewe.

Kwanza yafaa tukumbuke ni kitu gani kilichomo ndani ya kompyuta ile. Mna majina ya wanachama wote na mashamba yao. Mna uzito wa karafuu kavu na makonyo aliyopeleka kila mmoja kituoni, msimu baada ya msimu. Mna akiba walizoweka, mikopo waliyochukua kwa kupalilia na kulipa wachumaji, na kiasi walichokwisha kurudisha. Zamani mambo haya yote yalikuwa katika daftari kubwa za karatasi, na daftari likiungua au likiliwa na mchwa, kila mtu aliona. Sasa yamo katika kidude kidogo kisichofika uzito wa pishi moja ya karafuu, nacho chaweza kufa usiku mmoja bila ya moshi wala kelele. Meza ikivunjika hununuliwa nyingine dukani. Hesabu ya nani anadai na nani anadaiwa haiuzwi dukani. Ikipotea, hubaki neno la huyu na neno la yule, na chama huvunjika kwa maneno kama hayo upesi kuliko kwa uchache wa fedha.

Somo la tufani ya mwaka 1872

Jambo la kutoweka mali yote mahali pamoja si geni katika visiwa hivi. Tarehe 15 Aprili, 1872, katika enzi ya Sayyid Barghash, tufani kubwa iliipiga Unguja. Mikarafuu iling'oka na kuvunjika kwa wingi usio kifani, na minazi vilevile. Na bandarini vyombo vilipasuka, pamoja na merikebu za Sayyid mwenyewe. Pemba haikuguswa ila kidogo. Mwanachama ajua kwamba mche wa mkarafuu hukaa miaka sita na zaidi kabla ya kuanza kuzaa, na miaka mingi tena kabla ya kuzaa sawasawa. Kama mikarafuu yote ya nchi ingalikuwa Unguja, biashara ya karafuu ingalizimika kwa muda mrefu sana. Lakini mikarafuu mingine ilikuwa imesimama huku, ng'ambo ya mkondo, na tangu siku zile Pemba ndiyo itoayo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar.

Hakuna aliyepanda mikarafuu Pemba kwa kuiogopa tufani ya Unguja. Ilitokea hivyo kwa rehema ya Mungu. Kwa upande wa hesabu zetu, hatuwezi kukaa tukangoja itokee hivyo. Yatupasa tuzipande mahali pawili kwa makusudi.

Kanuni ya tatu, mbili na moja

Watu wanaofanya kazi ya kuhifadhi mambo ya kompyuta wanayo kanuni fupi, rahisi kushikika. Aliyeieneza ni mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, kwa kitabu alichokitoa mwaka 2005 juu ya namna ya kutunza picha. Kanuni yenyewe ni hii: kila kitu chenye thamani kiwe katika nakala tatu, nakala hizo ziwe katika vyombo vya aina mbili, na moja katika hizo iwe mahali pengine, mbali na nyingine.

Tatu, kwa sababu chombo kimoja chaweza kuharibika siku ileile unapokihitaji. Aina mbili, kwa sababu vyombo vya namna moja hupatwa na maradhi ya namna moja. Na mahali pengine, kwa sababu moto na maji haviulizi ni nakala ya kwanza au ya pili. Tarehe 10 Machi, 2021, kwa mfano, usiku, huko Strasbourg, Ufaransa, jengo la kampuni ya OVHcloud, lililojaa kompyuta zinazoweka hesabu na barua za wafanyabiashara wengi, liliungua lote. Wateja waliokuwa na nakala katika mji mwingine walirudi kazini. Baadhi ya wengine nakala zao zilikuwa palepale motoni, nao walipoteza kazi yote pamoja na nakala yake.

Siku hizi kanuni hiyo imeongezwa mambo mawili. La kwanza, nakala moja iwe imetengwa kabisa, isiunganishwe na kompyuta wala mtandao. La pili, idadi ya makosa katika nakala iwe sifuri, maana yake zijaribiwe na kuhakikishwa. Mambo haya mawili ndiyo yanayosahauliwa zaidi, kwa hiyo tutayaeleza moja moja.

Kwa nini nakala moja itengwe

Ipo programu mbaya iingiayo katika kompyuta kwa barua ya hadaa, au kwa flashi iliyotoka mahali pasipojulikana, ikayafunga majalada yote kwa ufunguo ambao mwenyewe hana, kisha ikadai fedha. Tarehe 12 Mei, 2017, programu moja ya namna hiyo, iitwayo WannaCry, ilienea katika nchi zaidi ya 150. Na tabia yake ni hii: chochote kilichounganishwa na kompyuta ile hukifunga pia. Diski ya akiba iliyochomekwa usiku na mchana haina salama kuliko kompyuta yenyewe.

Mfano mkubwa zaidi ulitokea mwezi uliofuata, kwa kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark, ambayo makontena yake kila mtu wa bandarini ameyaona. Tarehe 27 Juni, 2017, programu iitwayo NotPetya, iliyoanza kuenea kwa njia ya programu ya hesabu za kodi iliyotumiwa sana Ukraine, iliingia katika kompyuta za kampuni hiyo na kuziharibu duniani kote kwa muda mfupi. Malango ya bandari yakasimama, na malori yakapanga foleni.

Maersk hawakuwa wazembe wasio na nakala. Daftari kuu la kompyuta zao, lile linalojua nani ni nani na nani aruhusiwe nini, lilikuwa katika mashine kiasi cha 150 katika nchi mbalimbali, na kila moja ilifuata mwenziwe, ili moja ikifa nyingine zishike mahali pake. Jambo lililosahauliwa ni kwamba zote zaweza kufa pamoja. Nakala zinazofuatana kila saa hufuatana hata katika kuangamia.

Wakatafuta kila pembe, na mwisho wakaipata moja nzima, katika ofisi yao ya Ghana. Huko umeme ulikuwa umekatika kabla ya balaa kufika, na mashine ile ikawa imezimika. Mtandao wa Ghana ulikuwa mwembamba mno, hata kuipeleka nakala ile kwa njia hiyo kungechukua siku nyingi; na wafanyakazi wa pale hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mtu mmoja akapanda ndege na diski mpaka Nigeria, akamkabidhi mwenziwe, naye akaichukua mpaka Uingereza. Kampuni ilizisimamisha upya mashine kubwa 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi, na hasara ilikisiwa kuwa dola milioni 250 hadi 300.

Sisi tumezoea kuulaumu umeme unapokatika, na mara hii kukatika kwake kuliiokoa kampuni ya dunia nzima. Lakini hiyo ilikuwa bahati. Mwenye busara huichomoa diski yake mwenyewe, akaifungia kabatini, wala hangoji umeme ukatike.

Nakala isiyojaribiwa

Chuoni, mtoto akisema amehifadhi sura, mwalimu hasemi "vyema" akamwacha aende zake. Humwambia, "Haya, soma," naye husikiliza mpaka mwisho, tena siku nyingine humshikia katikati ili ajue kama imekaa kweli. Nakala ya akiba ni vilevile. Kusema "tunayo" si kitu mpaka isomwe yote mbele ya mashahidi.

Kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kuwatunzia watunga programu kazi zao, ililijua jambo hili kwa taabu. Tarehe 31 Januari, 2017, usiku, mfanyakazi wao mmoja aliyekuwa akitengeneza hitilafu alitoa amri ya kufuta majalada katika mashine moja, kumbe alikuwa katika mashine nyingine, ile yenye kazi halisi za wateja. Alipotanabahi, karibu yote yalikwisha kufutika. Wakaziendea nakala zao za akiba. Walikuwa na njia tano za kufanyia nakala, na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi kwa kutegemeka. Njia moja ilikuwa ikishindwa kila siku kwa sababu programu ya kunakili haikulingana na ile ya hesabu zenyewe, na barua za kuonya zilizokuwa zikitumwa zilikuwa zikikataliwa njiani, hazimfikii mtu. Kilichowaokoa ni nakala aliyoifanya mfanyakazi kwa mkono wake saa sita kabla, kwa ajili ya shughuli nyingine. Wakarudi kazini, lakini kazi ya saa zile sita ilikwenda.

Kampuni hiyo iliyaeleza yote hayo mbele ya watu, nasi twawashukuru, kwani kosa lililoelezwa ni shule ya bure. Somo lake ni kwamba njia tano zisizoangaliwa hazishindi njia moja inayojaribiwa kila mara.

Juu ya wingu

Wengine wamesema, "Tuweke yote katika wingu, yamekwisha." Wingu ni jina tu. Maana yake ni kompyuta za watu wengine katika nchi nyingine, ambazo twazifikia kwa mtandao. Faida yake ni kubwa: moto wa Wete hauwezi kufika huko. Lakini yako mambo matatu ya kuangaliwa.

La kwanza ni njia. Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya mbili za mtandao zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, ziliharibika, na Tanzania pamoja na nchi jirani zikakaa na mtandao dhaifu au hazina kabisa. Siku kama hiyo, mwenye nakala katika wingu peke yake ana mali asiyoweza kuishika.

La pili, huduma nyingi zinazoitwa wingu kazi yake ni kufuatisha: ukifuta huku, hufutika na kule. Hiyo ndiyo habari ileile ya mashine za Maersk. Tunachokitaka sisi ni huduma inayoweka nakala za siku zilizopita, ili tuweze kurudi nyuma. Huenda karani akaandika kilo za mwanachama mmoja katika jina la mwingine mwezi wa Septemba, na kosa lisionekane mpaka Desemba. Nakala ya jana haitufai, kwani nayo ina kosa lilelile. Kwa hiyo nakala za kila siku zikae wiki, za kila wiki zikae miezi, na ile ya kufunga msimu isifutwe kamwe.

La tatu ni ufunguo. Neno la siri likijulikana na mtu mmoja tu, naye akasafiri au akafikwa na ajali yake, hesabu zitakuwa salama hata na sisi wenyewe.

Na flashi je? Flashi ni chombo cha kuchukulia kitu kutoka hapa mpaka pale. Haifai kuwa ghala, kwani ni rahisi kupotea, na ikikaa miaka bila ya kutumiwa yaweza kusahau kilichomo.

Maswali mawili ya kupima

Mambo yote haya hurudi katika maswali mawili. Tukiharibikiwa leo, tuko radhi tupoteze kazi ya siku ngapi? Na twaweza kukaa muda gani kabla ya kurudi kazini?

Katika miezi ya kupalilia, kupoteza kazi ya wiki moja si msiba. Barua chache na malipo machache yaweza kuandikwa upya. Lakini msimu umepamba moto, na magunia yamepanga mstari mbele ya mizani, kazi ya siku moja ni uzito wa karafuu za watu wengi. Basi msimu wataka nakala kila jioni, na nje ya msimu yatosha kila Alhamisi.

Katika swali la pili, ni vizuri tukumbuke yaliyowapata ndugu zetu wa Unguja. Mwaka 2008 umeme utokao bara ulikatika kiasi cha mwezi mmoja, na tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010 walikaa miezi mitatu bila ya umeme huo. Nasi tangu mwaka 2010 twapata umeme kwa waya upitao chini ya bahari kutoka Tanga. Waya ule ukipata dhara, nakala nzuri katika diski haitasomeka mpaka upatikane umeme mwingine. Ndiyo maana hatuiachi karatasi. Mizani haihitaji kompyuta. Mtu mwenye daftari, kalamu na orodha iliyochapwa ya wanachama aweza kupokea karafuu hata siku arobaini, na hesabu zikaingizwa baadaye.

Labda mwanachama atasema: hizo ni habari za kampuni kubwa, nani atakayezitaka hesabu za chama cha wakulima? Jawabu ni kwamba programu mbaya haichagui. Hupita kila mlango ulio wazi. Tena maafa yetu ya kawaida hayana haja ya adui. Radi ya masika, paa linalovuja, umeme unaorudi kwa nguvu baada ya kukatika, mwizi wa usiku, au kikombe cha chai, kila kimoja katika hivi chatosha.

Shauri la Kamati

Haya ndiyo mambo yatakayoletwa mbele ya mkutano:

1. Zinunuliwe diski mbili za nje. Moja ikae ofisini Wete, kabatini, imechomolewa. Ya pili ikae kwa Mweka Hazina, Chake Chake. Zibadilishane kila wiki.

2. Ilipiwe nafasi katika wingu, yenye kuweka nakala za siku zilizopita. Neno lake la siri liandikwe na kutiwa katika bahasha mbili zilizofungwa, moja kwa Mwenyekiti na moja kwa Mweka Hazina.

3. Diski zote zifungwe kwa neno la siri, ili ikiibiwa moja, mwizi asizisome akiba na madeni ya watu.

4. Kila mwisho wa mwezi orodha ya hesabu ichapwe, itiwe sahihi na Mwenyekiti na Mweka Hazina, na iwekwe katika jalada.

5. Kila miezi mitatu ifanywe majaribio. Nakala ifunguliwe katika kompyuta nyingine, isiyo ya ofisi. Yachaguliwe majina matano kwa kura, na hesabu zake zilinganishwe na stakabadhi walizonazo wenyewe. Saa ya kuanza na ya kumaliza iandikwe, tujue kurudi kazini kunachukua muda gani.

6. Iandikwe karatasi moja ya maafa: nani apigiwe simu kwanza, diski ziko wapi, kitu gani kirudishwe kwanza. Kamati yaona ianze hesabu ya mapokezi na malipo, kisha mikopo na akiba, kisha orodha ya wanachama. Barua na kumbukumbu za mikutano zaweza kungoja. Karatasi hiyo isiwekwe ndani ya kompyuta, kwa sababu iliyo wazi.

Kazi ya kila mwanachama

Liko jambo moja lisilohitaji kura wala fedha. Stakabadhi uliyopewa kituoni ni nakala ya hesabu yako, tena iko mbali na ofisi na haikuunganishwa na mtandao. Chama kikipoteza yote, stakabadhi za wanachama ndizo zitakazolijenga daftari upya. Kwa hiyo usifungie samli wala usimpe mtoto achezee. Zile zinazotoka katika mashine kwa karatasi laini hufifia kwa joto na jua, nyingine hata mwaka haumalizi. Zitolee kopi, au uandike tarehe, uzito na fedha katika daftari lako mwenyewe, kisha uzitie katika bahasha mahali pakavu pa giza.

Tunaomba kila mwanachama aje mkutanoni na stakabadhi zake za msimu uliopita. Majaribio ya kwanza yatafanywa palepale mbele ya macho yenu, kwa majina matano yatakayotoka katika kofia. Zikilingana, tutajua tulipo. Zisipolingana, ni heri tujue sasa, kabla ya mizani kufunguliwa.

Wasalaam,

Katibu wa Chama